Siku za Mgeni Zina Hesabu



Watu wengi hudhani kwamba wakiisha kupata visa, mambo yamekwisha. Sivyo. Visa hukufikisha mlangoni tu. Siku za kukaa ndani hugongwa na afisa wa uhamiaji katika paspoti yako pale mpakani, na yafaa uzisome palepale, kabla hujamwachia nafasi mwenzako aliye nyuma.

Usisome mbiombio. Msafiri aliyeingia tarehe 1 Julai kwa siku 90 husema moyoni, "Hiyo ni miezi mitatu, nitaondoka mwisho wa Septemba." Ahesabu vizuri. Julai ina siku 31, Agosti 31; basi siku ya tisini ni tarehe 28 Septemba. Tarehe 30 yeye ni mtu asiye na ruhusa, ingawa hakuiba wala hakupigana na mtu.

Sisi watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tuna hatari yetu wenyewe. Tangu Soko la Pamoja lilipoanza tarehe 1 Julai, 2010, sheria zake zasema raia wa nchi mwanachama aweza kuzuru nchi jirani bila visa, akapewa kibali kisichozidi miezi 6, bila kulipa ada. Kwa kuwa hakulipa kitu, husahau kwamba kibali hicho kina mwisho. Tena wahenga walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe. Serikali haimpi hata siku ya mia, maana kibali cha kuzuru si cha kazi. Wala si cha kusomea. Binamu aliyekuja kwa likizo, kisha akapata nafasi shuleni, hana budi kuomba kibali cha mwanafunzi.

Kwa nini basi watu hawaendi kuomba waongezewe siku? Mimi naona ni hofu ya ofisi. Mtu huogopa maswali, huogopa ada, akaona heri anyamaze. Lakini kunyamaza kwaweza kuwa ghali zaidi. Tazama Thailand, nchi ipendwayo sana na watalii. Huko mtalii huomba kuongezewa siku 30 kwa ada ya baht 1,900. Akikaa bila ruhusa hutozwa baht 500 kila siku, hata zifike 20,000. Siku 4 tu za kujificha zimepita ada ya mwezi mzima!

Si kila nchi iliyo na mkono mwepesi hivyo. Katika nchi za Schengen huko Ulaya, mgeni wa muda mfupi ana siku 90 katika kila siku 180, na haongezewi kwa sababu ya kupendezwa na mji. Lazima awe na jambo zito, kama ugonjwa uliomzuia kusafiri, tena alithibitishe kwa hati. Aendaye huko asitegemee kuongezewa.

Lakini lawama zote zisimwangukie msafiri. Wakubwa wa uhamiaji nao wangefanya vema kuandika tarehe ya mwisho yenyewe katika muhuri, si hesabu ya siku peke yake. Na ofisi ya kuongeza muda isiwe katika mji mkuu tu. Mama aliyevuka mpaka kumwuguza binti yake kijijini hawezi kumwacha mgonjwa siku mbili akapange foleni mjini. Huyo atajificha, nasi tutamwita mvunja sheria.