Njaa Inauzwa kwa Simu



Wengi wenu mna watoto wanaocheza dansi. Jioni ukipita Makadara, Kaloleni au Jericho utawaona wakifanya mazoezi, na ukumbi ukifungwa watacheza mbele ya nyumba, simu imeegemezwa kwenye tofali ili iwapige picha. Wazee wengine wasema huo ni mchezo wa watoto. Sisi twasema la, hiyo ni kazi. Kijana aitwa arusini, aitwa kwenye kilabu, aitwa kucheza katika video za nyimbo, naye hulipwa, ijapokuwa malipo yenyewe mara nyingi ni madogo tena huchelewa. Kila mwenye kazi ana chombo chake, na chombo cha mcheza dansi ni mwili. Ndiyo sababu twaandika habari hii katika gazeti la chama cha wafanyakazi.

Katika simu zile zile wanazojipigia picha, vijana wetu hupokea mashauri ya chakula kutoka kwa watu wasiowajua kabisa. Mmoja asema ugali ni sumu. Wa pili asema mcheza dansi asile kitu baada ya saa kumi na mbili ya jioni, na mazoezi ya watoto wetu huanza saa moja! Wa tatu auza chai ya kuondoa tumbo kwa siku saba. Matokeo twayaona mitaani: msichana azirai katikati ya mazoezi, na akishapata fahamu wenzake wamsifu kuwa amepungua.

Hatusemi ya kuwa kila neno la intaneti ni uongo. Waganga wa kweli nao huandika humo. Taabu ni kwamba katika kioo cha simu wote wana sura moja, mganga na mchuuzi.

Sisi wa reli tuna desturi moja ambayo yafaa kuazimwa. Dereva haondoi gari stesheni kwa kuwa mtu fulani amesimama kando ya njia, akapunga mkono na kusema mbele ni kweupe. Hutaka ruhusa ya mwenye madaraka, naye hutazama imetoka kwa nani, ni ya gari gani, na ni ya kipande gani cha njia. Ruhusa ya gari jingine, hata ikiwa ya kweli, si yake. Kijana akiletewa shauri la chakula na atazame vivyo hivyo.

Atazame kwanza limetoka kwa nani. Hapa Kenya iko sheria ya mwaka 2007 inayohusu wataalamu wa lishe, na kwa sheria hiyo kiliundwa chombo kiitwacho KNDI cha kuwaandikisha na kuwasimamia. Basi anayejiita mtaalamu wa lishe na aulizwe namba yake ya kuandikishwa. Mwenye nayo ataitaja bila taabu. Asiye nayo hukasirika, au hukufungia mlango wa ukurasa wake usiulize tena. Neno “Dokta” mbele ya jina halitoshi. Koti jeupe pia halitoshi, maana makoti meupe yanauzwa Gikomba. Wala umaarufu wa kucheza hautoshi: yule mcheza dansi mashuhuri ajua kucheza, na wembamba wake pengine alizaliwa nao.

Wala mtu asidhani ya kuwa kudanganywa huku ni kwa maskini wa Eastlands peke yao. Huko Australia alikuwako mwanamke kijana, Belle Gibson, aliyewaambia watu kwa intaneti ya kuwa ana saratani ya ubongo na kwamba anajitibu kwa chakula. Alipata wafuasi wengi mno, akauza programu ya simu, akachapishiwa na kitabu cha mapishi. Mwaka 2015 alikiri ya kuwa hakuwa na saratani hata kidogo, na mwaka 2017 mahakama ikamtoza dola 410,000 za Australia. Watu wenye shule na mali walimwamini kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri na hakuna aliyeomba kuona cheti cha hospitali.

Halafu atazame mshauri huyu auza nini. Mara nyingi mashauri ni mlango tu, na duka liko nyuma yake. Hiyo chai ya kuondoa tumbo, nyingi yake ina sanamaki, dawa ya kuharisha ambayo wazee wa pwani waijua tangu zamani. Mnywaji huharisha, maji yamtoka, apanda kwenye mizani aona amepungua, afurahi. Mafuta ya mwili yako pale pale. Akinywa maji uzito warudi, basi anunua pakiti nyingine. Aliyeharisha hivyo siku nyingi hupoteza na zile chumvi ambazo moyo wazihitaji ili upige sawasawa, na hiyo ni hatari ya kweli. Waambiwa pia ya kuwa chai yasafisha mwili takataka. Kazi hiyo yafanywa na ini na figo, usiku na mchana, bila malipo.

Wavulana nao wana makopo yao ya unga wa kujenga misuli, yenye bendera ya Marekani. Na wajue ya kuwa kwa sheria ya Marekani yenyewe, ya mwaka 1994, unga wa namna hiyo huuzwa pasipo serikali kuthibitisha kwanza ya kuwa wafaa. Maharagwe, yale vijana wayaitayo madondo, pamoja na omena, mayai na maziwa, hujenga misuli hiyo hiyo, na bei yake yajulikana pale kibandani.

Jambo la mwisho ndilo gumu zaidi: shauri ni la nani? Mzee wa miaka hamsini mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye kazi yake ni ya kukaa, aweza kuambiwa na hospitali apunguze ugali, na yampasa atii. Lakini hiyo ni ruhusa ya gari lake. Msichana wa miaka kumi na saba anayecheza saa tatu kila siku akiifuata atapata hasara. Tuwatazame wakimbiaji wetu, ambao dunia nzima yawaonea wivu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha ya kuwa zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyokula ilitoka katika vyakula vya wanga na sukari, na ugali ulikuwamo kwa wingi. Hiyo ndiyo sumu iliyoleta medali!

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya madhara ya kufanya mazoezi mengi kwa chakula kichache. Mwanamke huweza kukatika hedhi. Mifupa hudhoofika, ikapata nyufa. Mwili hukosa nguvu ya kupigana na maradhi. Wanaume nao hawakusazwa. Akina mama, tafadhali mliseme hili wazi nyumbani: kukatika kwa hedhi kwa binti mcheza dansi si dalili ya kuwa amekomaa katika mazoezi, kama wengine wanavyomwambia. Ni sababu ya kwenda hospitali.

Twajua pia ya kuwa njaa nyingine haitoki katika simu, yatoka mfukoni. Na hapa ndipo uovu wa mashauri haya ulipo. Shauri la kutokula halina gharama, na kwa kijana asiye na kitu ni tamu, kwa maana laipa njaa yake jina zuri. Aliyekosa chakula cha jioni Dandora sasa asema anafunga ili apendeze jukwaani. Naye anayemwajiri kwa usiku mmoja afurahi, kwa kuwa hadaiwi sahani.

Kwa hiyo twasema mbele ya wote: mwenye kumwita kijana acheze hadi usiku wa manane na amlishe kabla ya kucheza, mbali na malipo yake, kama vile sisi tulivyodai chakula na mapumziko katika zamu zetu. Wanachama wenye watoto katika vikundi na waombe neno hilo liandikwe katika mapatano, hata kama mapatano yenyewe ni karatasi moja.

Mkutano wa tawi utakuwa mwisho wa mwezi, wakati wa kawaida. Aliye na pakiti ya chai au kopo la unga ambalo mtoto wake amenunua kwa simu na alilete pamoja na karatasi yake. Tutamwomba mtaalamu wa lishe wa hospitali ya serikali aje atusomee yaliyoandikwa ubavuni kwa herufi ndogo.