Motakaa ya Mstaafu Si Chuma Chakavu

Imetupasa kusema waziwazi juu ya wenzetu wanaomaliza kazi Uingereza na kutaka kurejea Kenya na motakaa zao za kale.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu mkazi anayerudi kuleta gari moja bila ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia huko miezi 12. Ruhusa njema! Lakini kanuni ya Kenya, KS 1515 ya mwaka 2000, yaja nyuma yake na kusema gari lisizidi umri wa miaka 8. Mkono mmoja watoa, wa pili wapokonya.

Sababu yake twaijua: Mombasa isiwe jaa la magari mabovu ya watu. Hilo hatulipingi. Lakini je, mstaafu mwenye Peugeot 404 moja, aliyoipangusa kila Jumapili, ndiye mchuuzi wa magari mabovu? Motakaa ya namna hiyo ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, katika matope yetu wenyewe. Leo ikija na mwenyewe yaambiwa ni kuukuu mno!

Huko Ulaya gari la miaka 30, likitunzwa katika hali yake ya asili, laweza kuandikwa kuwa la kihistoria. Hapa twahesabu miaka tu, kama karani asomaye jalada kwa nje.

Twadai motakaa ya mstaafu ikaguliwe na fundi, breki na moshi na chasisi, na ikifaa ipite.