Kiti Umekilipia, Masikio ya Jirani Hukuyalipia

Wako watakaosema kwamba habari ya simu ndani ya ndege si habari ya watu wa Same. Watasema kuwa Mpare wa Chome au wa Vudee ana shida ya barabara, ya maji na ya bei ya tangawizi, na kwamba ndege yeye huziona zikipita juu ya Shengena tu. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Uwanja wa Kilimanjaro uliofunguliwa mwaka 1971 hauko mbali nasi, na vijana wetu huondokea pale kwenda masomoni na kwenye biashara. Tena jambo linalobishaniwa huko angani ndilo hilo hilo linalotuudhi kila siku ndani ya mabasi yaendayo Dar es Salaam. Watani wetu husema Mpare yu tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuata kesi ya kuku. Na watucheke wapendavyo. Haki ya kuku ni haki vile vile.

Swali lenyewe ni hili: Je, abiria aliye angani aruhusiwe kupiga simu na kuzungumza, au akatazwe?

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Wengi huamini kwamba simu hukatazwa kwa sababu yaweza kuiangusha ndege. Ni kweli kwamba tahadhari juu ya vyombo vya rubani ipo, na ndiyo maana kabla ya kupaa na kutua abiria huagizwa kufunga mawimbi ya simu yake. Lakini Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilipopiga marufuku simu za mkononi angani mwaka 1991, sababu yake kubwa ilikuwa minara iliyo ardhini. Simu iliyo juu sana huonana na minara mingi kwa mara moja, nayo ndege yakimbia kilomita zaidi ya 800 kwa saa. Simu moja hivyo yaweza kuvuruga mitandao ya watu wengi walio chini.

Kikwazo hicho mafundi wamekwisha kukipatia dawa. Hufunga mnara mdogo ndani ya ndege yenyewe, nao huzungumza na satelaiti, hata simu ya abiria isihitaji nguvu nyingi. Kampuni ya Emirates ya Dubai iliruhusu simu za abiria angani mwezi Machi 2008, na mwaka huo huo nchi za Umoja wa Ulaya zikatunga kanuni za kuruhusu jambo hilo ndege ikiwa juu ya mita 3,000. Mwezi Oktoba 2024 Qatar Airways ikarusha ndege yake ya kwanza yenye intaneti ya Starlink. Kwa intaneti ya namna hiyo, mtu aliye juu ya Bahari ya Hindi aweza kuongea na shangazi yake aliye Hedaru kana kwamba wote wako gulioni.

Kwa hiyo swali si la mafundi tena. Limebaki kuwa letu sisi wanadamu: kwa kuwa yawezekana, je, yapasa?

Watetezi wa simu wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Wanasema abiria amelipa nauli, tena nauli kubwa. Wanasema watu huongea na majirani zao ndani ya ndege na hakuna anayewakataza. Nao hukumbusha mambo ya tarehe 11 Septemba 2001, pale abiria wa ndege namba 93 ya United walipopiga simu kwa jamaa zao, wakapata habari za ndege nyingine zilizotekwa, wakainuka kupambana na watekaji. Hoja hii ya mwisho ni nzito. Lakini nyingi za simu zile zilipigwa kwa simu zilizofungwa katika viti vya ndege, nazo zilikuwapo Marekani tangu miaka ya 1980. Kwa nini basi miaka yote ile hapakuwa na kilio cha kelele? Kwa sababu zilikuwa ghali, na mtu hakuinua mkono wake ila kwa jambo la haja.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Zamani bei ndiyo iliyokuwa ikitunza adabu. Hata hapa kwetu ilikuwa hivyo. Simu za mkononi zilipoanza Tanzania katika miaka ya 1990 zilikuwa za matajiri. Zilipowafikia wengi baada ya mwaka 2000, tulikuwa tukibipu: simu ililia mara moja, ikakatwa, na mwenzako akaelewa. Aliyepiga kweli alisema maneno matatu akamaliza, maana kila dakika ilikula shilingi. Leo mtu hununua kifurushi cha dakika asizoweza kuzimaliza, naye huanza kuongea Same mjini asinyamaze hadi Korogwe. Bei imeondoka, na adabu iliyokuwa ikilindwa na bei imebaki bila mlinzi.

Nani hajayaona ndani ya basi? Mmoja agombana na mdeni wake kwa kipaza sauti. Mwingine ataja jina lake kamili na fedha alizotumiwa, na mwizi aliye kiti cha nyuma asikia yote. Wa tatu apokea habari za msiba, alia, na abiria wote hawajui kama wampe pole au watazame dirishani. Mama aliyekesha na mgonjwa hospitalini hapati lepe la usingizi. Lakini katika basi pana nafuu: dirisha hufunguliwa, basi husimama, na abiria hushuka. Katika ndege hakuna la kufungua wala pa kushukia. Utaketi saa sita karibu na maneno ya mtu usiyemjua, begi lako likiwa juu na mkanda ukiwa kiunoni.

Na asemaye kwamba maongezi ya simu ni sawa na maongezi ya majirani wawili, na apime vizuri. Wawili waketio pamoja huonana na hupunguza sauti. Mwenye simu huinua sauti kushindana na ngurumo ya injini, naye jirani husikia nusu ya habari tu. Akili yake hubaki ikitafuta nusu ya pili, apende asipende.

Tena pana watu wasiotajwa sana katika ubishi huu, yaani wafanyakazi wa ndege. Ugomvi ukizuka kati ya abiria wawili, si mwenye kampuni ya satelaiti atakayeuamua. Ni mhudumu, ambaye mshahara wake hauongezeki kwa dakika za simu zilizouzwa.

Marekani, tume ile ile ilipotoa pendekezo la kulegeza marufuku mwaka 2013, wananchi waliulizwa maoni. Vyama vya wahudumu na vya marubani vilipinga, na abiria wengi walipinga. Mwaka 2018 Bunge lao likatunga sheria ya kuagiza mazungumzo ya simu za mkononi yakatazwe katika safari za abiria, na mwaka 2020 tume ikaliondoa pendekezo lake. Nchi yenye mafundi wengi ilikataa kitu ilichokuwa na uwezo wa kukifanya. Nao Wajerumani wa Lufthansa waliweka intaneti ndani ya ndege zao, wakafunga mlango wa maongezi ya sauti.

Jambo la kuulizwa maoni sisi Wapare twalijua thamani yake. Mwaka 1945 babu zetu walishuka kutoka milimani, wakakusanyika hapa Same kwa maelfu kuipinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kupimiwa mali zao kwa namna ambayo hawakuulizwa. Walishikilia hoja yao, na mwishowe serikali ya kikoloni ikaiacha kodi ile. Kelele za simu si mbiru, na hatutaki kukuza mambo. Lakini kanuni ni moja: jambo litakalowaelemea watu wote lisiamuliwe na wachache wapatao faida yake.

Basi maoni yetu ni haya. Ndege za Air Tanzania, ambazo ni mali ya wananchi, zisisubiri intaneti ya bei rahisi ienee ndipo zianze kutafuta utaratibu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Mamlaka ya Mawasiliano ziwaulize abiria na wahudumu mapema, nasi twapendekeza hivi: ujumbe wa maandishi na intaneti viruhusiwe kwa wote, maongezi ya sauti yasiruhusiwe, ila kwa dharura ya ugonjwa, msiba au usalama, kwa idhini ya mhudumu.

Kwa mabasi hatusemi marufuku. Barabara yetu si anga. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba hapa Same, basi na Coaster viligongana vikawaka moto, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Katika njia kama hii simu ya abiria ni kinga yake: huita msaada, humwarifu polisi juu ya dereva mzembe, humwambia ndugu aje kumpokea usiku. Isizimwe. Lakini kipaza sauti kifungwe, maongezi yawe mafupi na ya sauti ya chini, na kondakta awe na amri ya kusema "basi" kwa asiyesikia. Na dereva asiishike simu kabisa.

Ndugu msomaji, usingoje kanuni ya LATRA ndipo uwe na haya. Jumatatu ukipanda basi pale stendi ya Same, na simu ikalia, ipokee, sema neno lako, maliza. Na jirani yako akipitiliza, mwambie kwa upole, maana ukimya wa watu arobaini ndio unaompa mmoja jeuri.