Mcheza Kwao Hutuzwa Lini?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Kaskazini Mashariki ya Kenya, methali hii imepinda. Dekha Ibrahim Abdi, aliyeshirikiana na wanawake wenzake kupatanisha koo za Wajir miaka ya 1990, alituzwa Sweden mwaka 2007. Abdullahi Mire, aliyewafikishia wakimbizi wa Dadaab, Garissa, maelfu ya vitabu, alituzwa Geneva mwaka 2023. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi Desemba 2015 akiwakinga abiria Wakristo katika basi la Mandera, alipewa nishani ya taifa mwaka 2016, akiwa kaburini. Tuzo hizo ni njema. Hata hivyo, serikali za kaunti ziwatuze watu kama hao wangali hai, majirani wakishuhudia, ili vijana wajue wa kumwiga.