Kuku wa Mwenye Shamba Asifungwe Kizimbani



Juma lililopita nilikwenda Kabiro, upande wa Kawangware, kwa kazi za ofisi. Nyuma ya nyumba moja niliona vizimba vya waya, kimoja juu ya kingine, na kuku wa mayai wamejaa ndani. Hawakuweza kunyosha mabawa, na wengine walikuwa wamenyonyoka manyoya shingoni. Mwenyewe aliniambia sababu: "Nafasi sina, bwana. Nikiwafungulia watakwenda wapi?" Jioni mayai yake huuzwa barabarani, yamechemshwa, kwa kachumbari.

Simlaumu sana. Lakini nashangaa kusikia mkulima wa skimu, mwenye ekari zake, akitaka kukopa fedha ili anunue vizimba kama hivyo. Mtu wa mjini amebanwa. Wewe wajibana kwa nini?

Ni kweli kuku wa kizimbani aweza kutaga mayai 300 kwa mwaka, na kuku wa kienyeji asiyetunzwa hutaga kama 50 tu. Lakini nilipokuwa nikisomea ualimu tulifundishwa kuhesabu kinachotoka pamoja na kinachoingia. Kuku wa kizimbani hula chakula cha kununua kila siku. Bei ikipanda, deni halingoji. Tena kuku ameumbwa achakure, aoge mavumbi, alale juu ya kijiti, atage penye faragha. Kumnyima yote hayo ni ukatili. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku vizimba vitupu vya namna hiyo mwaka 2012.

Sisemi tuwaache kuku wazurure waliwe na mwewe. Huko si kufuga. Jenga banda kavu lenye vijiti vya kulalia, na kiota kimoja kwa kuku 5. Zungushia ua, wafungulie mchana, wafungie usiku. Tafuta vifaranga wa kienyeji walioboreshwa na watafiti wa KALRO huko Naivasha. Hao hutaga zaidi ya maradufu ya wale wa kawaida. Wachanje kideri kila miezi 3. Wape mboga na mabaki ya nafaka, uwaongezee chakula cha kununua kwa kiasi. Samadi irudi shambani.

Mayai yatakuwa machache kuliko ya kizimbani, lakini yai la kienyeji hupata bei kubwa zaidi huko Nairobi. Basi, kabla ya kutia sahihi karatasi ya mkopo, tazama shamba lako. Nafasi aliyoikosa mtu wa Kawangware, wewe unayo.