Hamu ya Kuazima

Siku hizi sisi wapenda vitabu tumepata mapenzi mapya: majarida ya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980. Kuna Byte la Marekani, lililoanza 1975. Kuna Crash la Uingereza, lililoanza 1984 kwa ajili ya wenye ZX Spectrum. Watu wanaonyeshana majalada yenye rangi kali, wanahema, "enzi hizo bwana!" Swali langu ni dogo tu: enzi za nani?

Za Singida hazikuwa. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia, baada ya Hazina kuumizwa na mtambo wa hesabu. ZX Spectrum ilipotoka mwaka 1982, kijana wa London aliweza kuwasumbua wazazi wamnunulie ile ndogo kwa pauni 125. Mwenzake wa Kiomboi au Manyoni angemsumbua nani? Hata televisheni, Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994, ilhali Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Basi anayesema "nakumbuka" akiwa amekulia huku kwetu, ameazima kumbukumbu ya mtu.

Kuazima si dhambi. Nyerere aliazima kwa Shakespeare, akatupa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lakini tazameni alivyoazima. Hakubandika picha ya Shakespeare ukutani akabaki kuhema. Alikaa chini, akaibeba tamthilia nzima mpaka ikasema Kiswahili. Sisi tumeazima jalada, tukaacha kilichomo ndani.

Na ndani kulikuwa na nini? Kurasa kwa kurasa za programu. Msomaji aliweka jarida pembeni ya mashine akaanza kuchapa: mstari wa 10, wa 20, wa 30, pengine jioni nzima. Akikosea mkato mmoja, programu inagoma. Anarudi kusoma upya, herufi kwa herufi. Mara nyingine kosa lilikuwa la jarida lenyewe, na sahihisho likaja kwenye toleo lililofuata. Ikikubali, anaanza kuchokonoa: mchezaji aliyepewa roho tatu anampa tisini, aone itakuwaje. Hebu niambieni, ni riwaya gani tunayoisoma kwa umakini huo?

Mnaotamani ya kale, tamanini hicho: jarida lililomchukulia msomaji kuwa fundi.

Tena kusoma kwa mikono si jambo geni kwetu. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, nchi nzima. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi yanayozaa mbu. Maandishi yaliishia kwenye jembe. Wengi wao walikuwa wakulima, na wengine ndiyo kwanza wametoka darasa la elimu ya watu wazima.

Mtasema ile ilikuwa amri kutoka juu, si jarida. Kweli kabisa, na hapo ndipo penye hoja. Kijitabu kilimwambia mkulima achimbe, hakikumpa nafasi ya kuchokonoa wala kujibu. Jarida la kompyuta lilimpa nafasi hiyo, ila halikumjua mkulima wala lugha yake. Tulihitaji vyote viwili mahali pamoja. Bado tunahitaji.

Leo marufuku haipo, kompyuta iko mfukoni mwa muuza vitunguu. Lakini maandishi mengi ya Kiswahili juu ya chombo hicho ni ya aina mbili: tangazo, au onyo. Nunua kifurushi. Jihadhari na matapeli. Fundi simu wa Singida mjini anayetaka kujua kwa nini kifaa hakichaji, sio kubahatisha tu, anaambulia video ya lugha asiyoielewa, anafuata vidole. Huyo ndiye msomaji wa Crash wa leo, na hakuna aliyemwandikia.

Msinipe kisingizio cha msamiati. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizosema Kiswahili. Maneno yapo. Kinachokosekana ni waandishi wanaoona kazi hiyo kuwa ni uandishi. Tunajua kubishana wiki nzima juu ya mizani ya shairi, lakini maelezo safi ya namna mashine inavyofanya kazi tunayaita "mambo ya mafundi", kana kwamba hayahitaji jicho la lugha. Jamani, yanahitaji kuliko shairi! Shairi likikosa mkato, msomaji husamehe.

Kwa hiyo anayependa majalada yale na atoe ukurasa mmoja tu. Achukue programu fupi ya kubahatisha namba, aieleze kwa Kiswahili mstari kwa mstari, mwanafunzi wa Ikungi aichape kwenye simu ya kaka yake. Itagoma, bila shaka. Atauliza kosa liko wapi. Ajibiwe, na kama kosa ni letu, sahihisho litoke ukurasa wa mbele.