Huyu Si Kichwa Nguvu, Hasikii

Mwezi huu tutazame nyumba zetu kwa macho ya mtu ambaye kazi yake ni kupima masikio.

Mtu huyo akiingia kwako, haangalii viti wala sahani. Anaangalia nani anaongeza sauti ya radio, nani anamtazama mwenzake mdomoni, nani anajibu neno ambalo hakuulizwa. Shuleni anamtafuta mtoto anayekaa nyuma, ambaye fimbo imemzoea. Sisi tunasema: « Huyu ni kichwa nguvu. » Wengine wanasemaka amelogwa. Yeye anauliza kwanza: « Je, anasikia? »

Mzazi, wewe pia unaweza kuuliza. Simama nyuma ya mtoto, mbali naye urefu wa mkono, asione mdomo wako. Ziba sikio lake moja, kisha nong'ona maneno mepesi ayarudie. Fanya vile kwa sikio lingine. Kama hawezi, weka fimbo chini, umpeleke kituo cha afya.

Surua, homa ya uti wa mgongo na usaha wa masikio vinaharibu masikio ya watoto wengi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu 60 kwa mia ya uziwi wa watoto ungeweza kuzuiwa. Basi mtoto apate chanjo. Sikio likitoka usaha, likaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na muganga alione. Usitie mafuta ya moto, wala unyoya wa kuku, wala kijiti cha kiberiti. Dawa nyingine nazo, kama kinini nyingi au sindano za jentamisini, zinaweza kugusa masikio. Usizikatae, lakini usizinunue sokoni bila kupimwa. Na masikio yakianza kulia, sema upesi.

Sasa tuje kwa baba na vijana. Wengi wanashuka Walikale kutafuta kasiteriti: nyundo kwenye mwamba, dinamiti, motopompe, jenereta. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele ikivivunja, havioti tena. Alama ni hii: ukilazimika kupiga kelele ili mtu aliye karibu nawe akusikie, mahali pale panakula masikio yako. Tumia vizibo vya masikio. Pamba tupu haitoshi. Pokezaneni kazi, na jenereta iwekwe mbali. Sisi wa Kashuga tunajua pia risasi na mabomu: mlio mmoja wa karibu unaweza kuharibu sikio siku ile ile. Kwa hiyo mama anayesema « Baba ananidharau, namwita haitiki », ajiulize tena. Pengine si dharau.

Na aliyekwisha kuwa kiziwi, je, ametupwa? Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi katika Ghana, na baadaye nyingine nyingi katika Afrika, hata zikafika 32, pamoja na kuwahubiri Injili kwa ishara za mikono. Alikufa mwaka 1987 katika ajali ya ndege huko Rwanda, upande wa Gisenyi, jirani ya Goma.

Torati inakataza kumlaani kiziwi (Walawi 19:14). Yeye haisikii laana yako, lakini Mungu anaisikia. Tena katika Marko 7, Yesu alimtenga kiziwi na makutano, akamgusa masikio kabla ya kusema neno. Alianza na kile ambacho yule mtu aliweza kukiona na kukisikia mwilini. Nasi tufanye vile: tumkaribie, tumtazame usoni, tuseme polepole, tutumie mikono.

Tuzungumze nyumbani:
1. Ni nani kwetu anayeitwa kichwa nguvu? Tumepima masikio yake?
2. Kanisani, kiziwi anakaa wapi, na nani anamweleza mahubiri?
3. Kijana wetu wa machimbo ana kitu gani cha kulinda masikio?